Gari la spoti lililotumika: lipi linafaa kuendeshwa kila siku?

Ukitaka kujua kama gari la spoti utaliweza kila siku, liendeshe kwa kilomita 40 kwa saa. Hapo ndipo utajua klachi ni nzito kiasi gani, kioo cha nyuma kinakuonyesha nini, bampa inakwaruza wapi, na kama siti itakuuma mgongo baada ya nusu saa. Kasi ya 250 huenda usiifikie maishani. Foleni utaikuta kesho asubuhi.

Na bado nasema, kama moyo wako uko huko, nunua. Gari lililosukwa vizuri hukuzawadia hata kwenye safari ya kumchukua mtoto shule: usukani unakueleza lami ikoje, gia inaingia kwa mlio mfupi safi, injini inaitika mguu bila kusita. Raha hiyo haihitaji mwendo wa hatari.

Tuelewane kwanza kuhusu pesa. Magari haya hupoteza thamani sana miaka ya mwanzo, na maumivu hayo huyabeba mnunuzi wa kwanza. Wewe ukija miaka 12 au 15 baadaye, unaweza kulipata kwa bei ya gari jipya la kawaida. Tatizo ni kwamba vipuri havishuki bei pamoja na gari. Diski za breki, matairi mapana, shokapu za umeme, vyote bado vina bei ya gari lilivyokuwa jipya. Mimi humshauri mtu atenge moja ya tano ya bei ya kununulia kwa ajili ya mwaka wa kwanza tu. Kama huna fungu hilo, shuka daraja moja, uchukue gari dogo lililotunzwa vizuri.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninalolipenda zaidi.

1. Porsche 911 (997), la kuanzia mwishoni mwa 2008

Sijaona gari la spoti linaloishi na mtu vizuri kuliko hili. Upana wa Carrera, yaani 911 ya msingi, ni kama mita 1.8, kwa hiyo linaingia kwenye maegesho bila kukutoa jasho. Vioo ni virefu, unaona mbele na pembeni bila kunyoosha shingo. Siti za nyuma ni za watoto wadogo au mikoba, buti iko mbele.

Kwa nini nasisitiza 2008? Injini za Carrera za kabla ya hapo, tangu toleo la 996 lililotangulia hili la 997, zina shafti ya kati inayoshikiliwa na beringi ambayo hujulikana kwa kuharibika. Ikivunjika, injini nzima inaweza kuondoka nayo. Baadhi ya injini hizo pia hukwaruzika ndani ya silinda. Injini mpya zilizoingia 2008, ya lita 3.6 yenye nguvu farasi 345 na ya lita 3.8 yenye 385, hazina shafti hiyo kabisa. Ukivutwa na bei ya Carrera ya 996, dai risiti ya beringi iliyobadilishwa, na maneno ya mdomo usiyapokee. Turbo na GT3 za 996, yaani 911 za nguvu zaidi, zina injini ya ukoo mwingine, tatizo hilo haliwahusu.

2. BMW M3 (E46), 2000 hadi 2006

Hili ndilo la mwenye familia. Siti nne za kweli, buti ya kweli, na injini ya silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 3.2, nguvu farasi 343, inayopanda hadi karibu mizunguko 8,000 kwa dakika. Asubuhi ukiwasha, tazama saa ya mizunguko: pembeni yake kuna vitaa vya rangi ya machungwa vinavyoonyesha mwisho wa kupandisha injini kwa wakati huo. Oili inavyopata joto, vinazimika kimoja baada ya kingine. Nakipenda kitu hiki kidogo kuliko ninavyoweza kueleza, maana kinamfundisha dereva subira kila siku bila kumgombeza. Ukiendesha pamoja na muuzaji naye akakanyaga mafuta vitaa vikiwa bado vinawaka, umeshajua gari lilivyoishi.

Ugonjwa wake mkubwa uko chini nyuma: sakafu hupasuka pale fremu ya ekseli inapofungwa. Lazima gari linyanyuliwe na fundi aangalie kwa tochi. Uliza pia kuhusu beringi za konrodi, fimbo zinazobeba pistoni. Swali hilohilo lipeleke kwa mrithi wake wa V8 (silinda nane) ya lita 4.0, lenye nguvu farasi 420.

3. Chevrolet Corvette (C6), 2005 hadi 2013

Kwa nguvu unayopata kwa kila shilingi, hakuna la kulikaribia hapa. V8 ya lita 6.0, baadaye 6.2, nguvu farasi 400 na kuendelea, injini ya muundo rahisi ambayo fundi mzuri wa kawaida anaielewa. Kwenye lile lisilo la paa la kukunja (coupé), chini ya kioo cha nyuma kuna nafasi ya zaidi ya lita 600. Halina siti za nyuma, na halikutengenezwa na usukani wa kulia. Kama kwenu mnaendesha upande wa kushoto wa barabara, fikiria vizuri jinsi utakavyolipita lori.

4. Audi R8 ya V8

Zuri kupindukia na tulivu barabarani, ila lina upana wa mita 1.9 na buti ya begi moja. Chukua la gia za mkono. Lile la otomatiki ya mwanzo yenye klachi moja hushtukashtuka kwenye foleni. Kagua kama shokapu zinavuja.

5. Nissan GT-R (R35)

Lina kasi kuliko yote niliyotaja na siti nne juu yake, lakini ni zito, gumu kwenye mashimo, na giaboksi yake ya nyuma inataka matunzo ya gharama. Mengi yameongezwa nguvu na wamiliki. Tafuta ambalo halijaguswa, la sivyo liache.

Lolote utakalochagua, anza na kitabu cha sevisi kabla ya rangi. Tazama ukingo wa siti ya dereva: nimewahi kuoneshwa gari la "kilomita 60,000" lenye ngozi iliyochakaa hadi sponji ikatoka, nikaondoka. Soma tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa. 3219 ni wiki ya 32 ya 2019. Matairi manne ya aina nne yanakueleza mengi kuhusu mfuko wa mmiliki.

Na siku ya kwenda kuliona, mpigie muuzaji simu umwombe asiliwashe kabla hujafika. Injini baridi ndiyo inayotoa moshi na kugongagonga mbele yako. Ukifika, kabla hujasalimiana sana, weka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kikiwa cha moto, mwambie utarudi kesho.