Gari la Kulala kwa Mtu wa Mombasa: Lipi Ununue, Lipi Uliache Ukumbini

Ukiwa na ndugu Uingereza, na safari yako ikaangukia Februari au Oktoba, hutakosa wa kukupeleka NEC, zile kumbi kubwa za Birmingham zilizo ubavuni mwa uwanja wa ndege. Mara mbili kwa mwaka hujazwa magari ya kulala na makaravani ya kuvutwa, ukumbi baada ya ukumbi, yote chini ya paa. Wajerumani wana la kwao Düsseldorf, Caravan Salon, ambalo huanza mwishoni mwa Agosti na ndilo kubwa kuliko yote duniani. Watu wetu hurudi kutoka huko na mfuko wa vipeperushi na swali moja: nikilileta lile, litanifaa?

Kwenda nenda. Kaangalie, kapime, kaulize. Lakini pesa zako zitoe ukiwa umerudi nyumbani. Kinachouzwa kule ukumbini ni makabati, mito na taa za buluu chini ya kitanda. Kinachokufikisha Voi na kukurudisha ni injini ambayo fundi wa Changamwe anaijua, friji inayostahimili joto la Machi, na umeme unaolingana na wa hapa. Nimepanga machaguo sita kwa vigezo hivyo, nikimfikiria mtu mwenye mke au mume na watoto wawili, anayetaka kulala Tiwi, Watamu au Tsavo bila kulipia hoteli.

Kwanza, la kufanya ukiwa ukumbini

Vua viatu, panda kitandani, ulale chali dakika tano. Usione haya, wauzaji wamezoea. Mwenzio naye alale, kisha aliye upande wa ndani ajaribu kutoka kwenda msalani bila kumkanyaga aliye nje. Ingia chooni, funga mlango, keti. Magari mengi ya kupendeza huishia hapo, magoti yamegota mlangoni na kiwiko kimo ndani ya sinki. Halafu simama jikoni uwaze chakula chetu. Sinki lile linaosha vikombe viwili vya chai. Sufuria ya pilau haiingii, na mbuzi wa kukunia nazi hana pa kukaa. Ukiona hivyo, jua kwamba jiko lako litakuwa nje, chini ya turubai, na makabati ya ndani umeyalipia bure.

Fungua mlango wa friji utafute kibandiko chenye herufi za tabaka la hali ya hewa. SN na N zimetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32. ST hufika 38, na T hufika 43. Mombasa ya Machi hufikia 32 na zaidi kivulini, na nyuma ya friji ndani ya gari lililofungwa joto hupanda mno. Usikubali chini ya ST. Uliza pia kama ni ya kompresa au ni ile ya gesi inayotaka gari lisimame sawasawa ndipo ipoe vizuri. Kwa pwani, ya kompresa.

Jambo la tatu, uzito, muuzaji hatalitaja usipouliza. Magari mengi ya kulala ya Ulaya hayavuki kilo 3,500 yakiwa na mzigo wote, kwa sababu hapo ndipo leseni ya kawaida ya huko inapokomea. Sasa chukua gari linaloandikwa kilo 3,100 likiwa tayari kwa safari. Zimebaki 400. Dereva keshahesabiwa kwa kilo 75, lakini mke na watoto bado. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100, na watengenezaji wengine hulihesabu likiwa na lita 20 tu ili namba ipendeze. Ongeza betri ya pili, turubai, baiskeli, mitungi ya maji ya kunywa, na umeshafika. Muulize: “Baada ya kuweka vyote hivi, nimebakiwa na kilo ngapi?” Akianza kukuonyesha rangi za viti, sogea kwa jirani yake.

Na kumbuka mle ukumbini hamna jua, hamna mbu, hamna chumvi ya bahari. Hita ambayo kule wanaisifia sana, kwako ni mzigo. Wewe hesabu matundu ya hewa darini na madirisha yanayofunguka yakiwa na neti.

1. Toyota HiAce, itengenezwe hapa hapa

Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa watu wengi, na Nissan NV350 naisimamisha nyuma yake kidogo. Sababu ni moja: gari hili ni matatu. Ikikatika mkanda Mackinnon Road saa mbili usiku, kuna mtu ana spea na kuna mtu anajua kuifunga.

Kuna maumbo mawili ya kuyafikiria. Mwili mrefu wa kawaida una urefu wa mita 4.695, upana 1.695 na kimo 1.98. Mwili mkubwa una 5.38, upana 1.88 na kimo 2.285. Ule wa kwanza unaingia kwenye maegesho ya chini ya majengo mengi na unafaa kuwa gari la kila siku. Wa pili utaugonga kwenye boriti usipoangalia, ila ndani mtu wa kimo cha kati huinama kidogo tu. Vitanda ulivyoviona Birmingham vimekingama nyuma ya gari kwa sababu Fiat Ducato, inayobeba sehemu kubwa ya magari ya kulala ya Ulaya, ina upana wa mita 2.05. Usimpe fundi picha ile akuigizie kwenye HiAce. Utalala umekunja magoti hadi asubuhi. Kitanda kifuate urefu wa gari.

Ukienda yadi, beba tochi na mkeka wa kulalia chini. Angalia chasi, reli ya mlango wa kusukuma, na juu ya magurudumu ya nyuma. Gari lililotoka sehemu za theluji za Japani limeshakula chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, likija hapa linaongezewa ya bahari. Rangi nyeusi mpya inayong’aa huko chini kwenye gari lililotumika miaka sita inaficha kitu. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti butu na vumbi jekundu. Na kama gari limewahi kubeba abiria hapa mjini, liache hata bei ikiwa ya kutupa.

Kwa seremala, kazi yako ni kumzuia. Fundi wa pwani akipewa uhuru atakuchongea kabati la mbambakofi zito kama mlango wa Lamu. Mwambie plaiwudi ya baharini, ile ya watu wa maboti, na skrubu za stenlesi. Paneli ya sola ya wati 200 na betri ya lithiamu ya 100Ah zinatosha friji ndogo ya kompresa, feni mbili na taa. Feni moja iwe ya darini, inayovuta hewa nje. Bila hiyo, usiku wa Februari, kaskazi ikilegea, utakuwa umelala ndani ya sufuria.

Karatasi usiziache nyuma. Ukiondoa viti na kuweka kitanda, gari si lile lililoandikwa kwenye logibuku tena. Omba idhini ya mabadiliko NTSA kabla fundi hajashika msumeno, lipelekwe ukaguzi, kisha mjulishe mtu wa bima kwa maandishi. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, na siku ya ajali kampuni huuliza mbona viti havipo.

2. Hema la juu ya gari

Kama tayari una Prado, Land Cruiser au hata Probox yenye keria imara, hili lingekuwa la kwanza. Halibadilishi gari, unalishusha msimu ukiisha, na likichoka hukupata hasara kubwa. Hema lenyewe huwa na kilo 50 hadi 80. Soma kitabu cha gari ujue paa linabeba kiasi gani likiwa mwendoni. Hiyo ndiyo namba ya kufuata, si uzito wa watu waliolala gari likiwa limesimama, ambao paa huustahimili zaidi.

Ndololo, kambi ya KWS ndani ya Tsavo East karibu na lango la Voi, ndipo hema hili linapoonyesha thamani yake. Tembo hupita, na wewe uko juu. Matunda yafungie kwenye chombo kisichotoa harufu, na usiyapandishe hemani.

Ubaya wake ni ngazi. Bibi hapandi, na mtoto wa miaka mitatu akitaka kukojoa usiku mtashuka wote. Ukitaka kukimbia dukani kununua mkate, unakunja nyumba nzima. Na masika usilikunje likiwa na maji ukalisahau wiki nzima. Koga ikishaingia kwenye kitambaa haitoki.

3. Gari la kulala lililotengenezwa Japani

Wajapani wana magari yao ya kulala, mengi yamejengwa juu ya Toyota Camroad, ambayo ni chasi ya lori dogo la familia ya Dyna. Usukani uko kulia, upana unafaa barabara zetu, na spea nyingi za injini hazisumbui. Lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kama gari jingine lolote lililotumika linaloingia Kenya.

Mtego uko kwenye umeme. Japani wanatumia volti 100, sisi 240. Ukichomeka waya wa kambi moja kwa moja, chaja, maikrowevu na kiyoyozi vyote huenda siku moja. Kabla ya kuwasha chochote, mpe fundi umeme mzuri auondoe mfumo wa volti 100 au aweke transfoma. Mfumo wa volti 12 wa taa na pampu ya maji hauna shida. Ningeliweka la pili kama bei zake Japani zisingekuwa juu hivi. Wajapani wenyewe wanayang’ang’ania.

4. Tela la kukunjua

Mafundi wa jua kali wanaweza kukuundia tela lenye hema juu na jiko nyuma. Lina namba yake inayoanza na Z na logibuku yake. Mpira wa kuvutia, ule wa chuma nyuma ya gari, uwe wa milimita 50, na mzigo upangwe ili pua ya tela iukandamize kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake wote. Pua ikiwa nyepesi, tela huanza kuyumba ukipitwa na lori pale Taru. Kwenda Diani, pita Dongo Kundu ujiepushe na foleni ya Likoni. Faida yake kubwa ni kwamba ukifika unalifungua, gari linabaki huru. Hasara yake utaijua siku ya kwanza ya kurudi nyuma kwenye njia ya mchanga.

5. Gari la kulala kutoka Uingereza

Hili ndilo linalotamaniwa zaidi, na si baya kiasi hicho. Usukani uko kulia, mlango wa kuingilia uko upande wa kando ya barabara kama tunavyotaka, na soketi zake ni zile zile za pini tatu za hapa. Gesi ubadilishe regyuleta na bomba ili upate kutumia mtungi wa kawaida wa kilo 6.

Linaangukia nafasi ya tano kwa sababu chini yake pana Ducato. Tafuta pampu ya klachi ya Ducato mjini Mombasa ujionee. Tena inavutwa na magurudumu ya mbele, na mzigo wote uko nyuma. Mchanga wa Tiwi hauna huruma na gari la namna hiyo. Kisha weka ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mizigo. KRA hukadiria gari lililotumika kwa orodha yake ya bei, si kwa risiti yako, kwa hiyo mpe wakala wa forodha modeli kamili na mwaka, akupe hesabu kwa maandishi kabla hujamtumia muuzaji hata pauni moja.

6. Karavani kubwa, na chochote chenye usukani wa kushoto

Magari mengi ya Düsseldorf yana usukani wa kushoto. Kenya huwezi kusajili gari la hivyo kwa matumizi ya kawaida, basi yaangalie kama unavyoangalia samani.

Karavani la kuvutwa la Ulaya naliweka mwisho kwa safari za huku. Matuta ya barabara kuu yanalifungua maungio, na maungio yakifunguka unyevu wa pwani huingia kwenye fremu ya mbao. Anayeweza kulifikiria ni mwenye kiwanja Kilifi au Vipingo anayetaka chumba cha wageni kisichohama. Huyo abonyeze kuta za ndani kwa kidole gumba kwenye kila pembe, chini ya madirisha na kuzunguka tundu la darini, panapobonyea pameoza. Matairi nayo ayasome ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hata kama litavutwa mara moja tu, kutoka bandarini hadi kiwanjani, yenye umri huo abadilishe kabla halijatoka getini.