Lita 227, Sekunde 90: Tathmini ya Mfumo wa Maji wa Injini ya Pegasus

Watu wanaoishangilia Harrier, ndege ya kivita inayopaa na kutua wima, ikisimama hewani kama kipanga anayevizia kifaranga huwa wanazitazama nozeli zake nne, yaani midomo inayogeuzwa ambako msukumo wa injini yake ya Pegasus hutokea. Siku ya joto kali, kinachoamua kama itashuka salama ni tangi ambalo kwa nje halionekani. Limebanwa nyuma ya injini, katikati ya panda za bomba la moshi wa moto, na hubeba paundi 500 za maji yaliyokenekwa, yaani kilo 227. Hukumu yetu tuitoe mapema: kwa kutua wima mfumo huu ni wa thamani kubwa, ila rubani anayeutegemea bila kuhesabu sekunde anajitafutia ajali.

Wengi hudhani maji yale yanageuka mvuke na mvuke ndio unaoinua ndege. Uzito wa mvuke unachangia kidogo, lakini kazi yenyewe ni kupoza. Msukumo wa Pegasus wakati wa kupaa na kutua unabanwa na joto la mapanga ya turbini, gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto. Joto hilo haliwezi kupimwa moja kwa moja kwa uhakika, kwa hiyo mipaka huwekwa kwa joto la bomba la kutolea moshi. Maji yanaponyunyizwa kwenye chumba cha mwako na turbini, mapanga hubaki kwenye joto yanalolimudu hata mizunguko ya injini ikipandishwa, na mipaka ya mizunguko na ya joto la bomba inasogezwa juu kwa muda. Tofauti na injini za Boeing 707 za mwanzo, ambazo zilirushiwa maji hasa ili hewa inayoingia iwe nzito zaidi, hapa maji yanalinda chuma.

Mtiririko wake ni kama galoni 35 za Kiingereza kwa dakika, takriban lita 2.65 kila sekunde. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya kilojuli 2,257 hivi. Zidisha uone: karibu megawati 6 za joto zinamezwa na maji pekee. Sasa gawanya lita 227 kwa mtiririko huo, unapata sekunde 86. Ndiyo maana vitabu vya ndege hii husema sekunde 90 kwa kukadiria. Hakuna akiba nyingine nyuma yake.

Kuelea papo hapo kunakula msukumo kuliko makaratasi yanavyoonyesha. Chukua AV-8B Plus, Harrier ya Kimarekani, yenye Pegasus ya toleo la 11-61. Msukumo wake wa juu ni paundi 23,800, sawa na kilonewtoni 105.9, au uwezo wa kushikilia kilo 10,800 hivi. Uzito wake wa juu wa kupaa wima ni paundi 20,755, kama kilo 9,415. Kilo 1,380 zimekwenda wapi? Sehemu inaliwa na hewa inayonyofolewa kwenye kompresa, sehemu ya injini inayoshindilia hewa, na kupelekwa kwenye matundu ya puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa, kwa sababu ndege iliyosimama haina upepo wa kuongozea usukani wake. Kila rubani anapopambana na upepo wa ubavuni, matundu hayo hudai hewa zaidi, na msukumo unapungua wakati ule ule anapouhitaji. Sehemu nyingine ni ya kupandia, maana ndege yenye msukumo uliolingana sawasawa na uzito wake haiondoki chini.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Gesi ya moto kutoka nozeli mbili za nyuma hugonga lami, hufumuka na kurudi juu, na ikiingia kwenye midomo ya injini, injini inavuta hewa moto. Joto la bomba hupanda na msukumo hushuka ndege ikiwa mita chache kutoka chini. Wakati huo huo hewa inayokimbia chini ya tumbo huivuta ndege ardhini. Kwenye AV-8B waliweka mbavu mbili za kukinga pamoja na ukuta mdogo unaoshushwa mbele, ili gesi inayorudi inaswe chini ya tumbo na iisukume ndege juu. Ni ufundi rahisi na unafanya kazi vizuri. Hata hivyo, kukaa chini chini bila kutua ni kosa: ukishaanza kushuka, shuka mpaka magurudumu yaguse.

Joto la siku ndilo linaloonyesha thamani ya maji. Hewa ya nyuzi 35 za Sentigredi ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa takriban asilimia 6.5. Tuseme injini yenye msukumo wa paundi 21,500 inapoteza asilimia 5 tu: ni kilo 488 hivi zimekwenda. Hizo ni silaha ambazo hazikurushwa, au mafuta ya kujaribu kutua mara ya pili. Tatizo hili halikuwa la kinadharia. Sea Harrier FA2, Harrier ya jeshi la majini la Uingereza, ilibanwa na msukumo wake katika maeneo ya joto kama Ghuba, ambako kurudi melini na makombora yasiyotumika kulikuwa kugumu. Hilo lilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa za kuiondoa kazini mwaka 2006. Maji huongeza nafasi, lakini hayafanyi injini ndogo kuwa kubwa.

Kwa matumizi, hesabu uzito kabla ya kuondoa kasi, sio ukiwa umeshasimama juu ya sitaha. Mafuta yasiyohitajika yamwagwe mapema. Swichi ya maji iwekwe upande wa kutua wakati mabawa bado yanabeba ndege. Taa ya mtiririko ikigoma kuwaka pale maji yanapotakiwa, ongeza kasi uondoke, kwa sababu hesabu yako ya msukumo imevunjika. Punguza mwendo, nozeli zielekee chini mpaka kizuizi cha kuelea (pale mkono wa nozeli unapogota zikiwa zimeelekea chini), na kuanzia maji yanapotiririka saa iko upande wako kwa dakika moja na nusu. Ukigusa chini, throtoli (mkono wa nguvu za injini) irudishwe mara moja, nozeli nyuma, maji yazimwe.

Kosa baya kuliko yote ni kuelea kwa uzito ambao ni maji tu yanaoumudu, kisha kusubiri. Tangi linapokauka, mipaka ya injini hurudi ile ya chini, ya bila maji, hapo hapo. Ipo taa inayotangulia kuonya, lakini onyo hilo halikuongezei msukumo. Ukiiona, chaguo ni kutua sasa au kusogea mbele upate kasi ya mabawa.

Ubora wa maji nao hauna mjadala. Maji ya bomba yana madini; yakikauka kwa joto lile huacha magamba kwenye vitundu vya kunyunyizia na kwenye mapanga. Kitundu kikiziba, upande mmoja wa turbini hupozwa na mwingine huungua. Isitoshe, kila sekunde kwenye mipaka ya juu hupunguza umri wa mapanga, kwa hiyo kuwasha maji siku ambayo hayahitajiki ni hasara ya injini.

F-35B, ndege ya kivita mpya zaidi inayotua wima, imeuacha kabisa mfumo huu. Feni kubwa nyuma ya rubani husukuma hewa baridi chini, na mifumo yake yote ya kuinua kwa jumla hutoa msukumo wa takriban paundi 40,000. Gharama yake ni feni ambayo ndege ikiruka mbele inabaki mzigo mtupu. Tangi la Pegasus angalau laweza kuachwa tupu: asubuhi ya baridi, ndege ikiwa nyepesi na ina njia ya kukimbilia, usilijaze. Kilo 227 hizo zibebe mafuta.