Makumbusho ya Reli Nairobi: anzia kwenye behewa namba 12

Wengi wanaoingia Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu, hukimbilia kwanza injini za mvuke zilizopangwa nje. Si ajabu, kwa kuwa Mount Gelai, injini ya aina ya Garratt namba 5918 yenye uzito wa tani zipatazo 250, humfanya mtu mzima ajione mtoto. Mimi ningemshauri mgeni aanzie kwenye behewa namba 12, ambalo ni dogo na halivutii kwa umbo, kwa sababu hakuna kitu kingine pale kinachomfikisha mtu karibu zaidi na maisha ya stesheni ndogo za mashambani.

Usiku mmoja wa Juni 1900, behewa hilo lilikuwa limeegeshwa kwenye njia ya pembeni katika stesheni ya Kima, huko Ukambani. Ndani yake walikuwemo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, na wenzake wawili, Hübner na Parenti, waliokusudia kumvizia simba aliyekuwa akiwahangaisha watu wa stesheni. Ryall alishika zamu, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kupitia mlango wa kuteleza, akamkanyaga Parenti aliyekuwa amelala sakafuni, akamuua Ryall na kutoka naye dirishani. Ukisimama penye dirisha na kukadiria upana wake kwa mikono, unaacha kukiona kisa hicho kama hadithi ya kutishia watoto.

Hata hivyo, naona kisa cha simba kimeimeza Kima nzima, kana kwamba stesheni ile iliishi usiku mmoja tu. Reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilikuwa ya njia moja, hivyo treni mbili zilizokuwa zikielekeana zilipishana tu mahali palipokuwa na njia ya pili, na mkuu wa stesheni ndiye aliyezuia moja hadi nyingine ipite. Injini za mvuke nazo zilihitaji kujazwa maji safarini, jambo gumu katika nyika kavu ile. Injini za dizeli zilipochukua nafasi yake, haja hiyo ya kusimama ikaondoka. Mwaka 2017 reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria, ikawa na stesheni Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali, lakini si Kima. Treni ya abiria ya usiku kwenye reli ya zamani nayo ikakoma.

Kwa sababu hiyo, mgeni asiyapite haraka maonyesho ya ndani, maana vifaa vidogo vya kazi ndivyo vinavyoonyesha jinsi reli ilivyoendeshwa siku hadi siku, na havina umaarufu wa simba wa kuvibeba. Anayependa mitambo atatosheka na injini peke yake. Anayetaka historia ya watu wa stesheni atafaidi zaidi akiandamana na mzee aliyefanya kazi relini, kwa kuwa swali moja kwake lina thamani kuliko vibao kumi vya maelezo. Ni vyema kwenda asubuhi, kwa kuwa injini zipo nje na vyuma vyake hushika joto kali jua likishapanda.