Uzoefu wangu wa miaka mitatu na ClamAV kwenye seva ya barua pepe

Ninasimamia seva ya barua pepe ya ofisi yetu hapa Morogoro. Inaendeshwa kwa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, na Postfix, programu ya kupokea na kusafirisha barua; ina masanduku ya barua yapatayo 60, na kwa miaka mitatu sasa kazi ya kukagua viambatisho nimeikabidhi ClamAV, programu ya kutambua virusi. Wenzangu wa fani hii huniuliza kama programu huria, isiyolipiwa hata senti, inafaa kuaminiwa kwa kazi hiyo. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba msimamizi aamue mapema barua zitafanywaje siku ambayo mkaguzi mwenyewe ameanguka.

Wapo wanaosema kwamba Linux haihitaji kinga ya virusi. Ni kweli kwamba virusi vingi vinavyopita kwenye barua pepe haviwezi kuidhuru seva yangu, lakini seva ni tarishi tu. Anayefungua bahasha ni mhasibu au karani aliyeketi mbele ya kompyuta ya Windows, na huyo ndiye ninayemlinda.

ClamAV ilianzishwa mwaka 2002 na Tomasz Kojm wa Poland, na leo inatunzwa na Cisco chini ya leseni huria ya GPL. Kuisakinisha hakukunisumbua. Kilichonichukua jioni nzima ni kuiunganisha na Postfix kupitia clamav-milter, kiungo kinachoipa ClamAV kila barua inayoingia, kwa sababu kwenye Debian baadhi ya huduma za Postfix hufungiwa ndani ya /var/spool/postfix na haziwezi kuiona soketi (faili ambalo programu mbili huwasiliana kupitia kwake) iliyowekwa nje ya hapo. Nilipoihamishia soketi ndani ya saraka hiyo na kurekebisha ruhusa za kikundi, barua zilianza kukaguliwa.

Ninachokithamini zaidi katika mpangilio huu ni kwamba ukaguzi hufanyika wakati seva ya mtumaji bado iko mlangoni. Katika mipangilio ya clamav-milter nimeweka OnInfected kuwa Reject, yaani kataa, hivyo barua yenye virusi hukataliwa papo hapo, na seva yangu haiwajibiki kutunga taarifa ya kuirudisha. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwani anwani ya mtumaji wa virusi kwa kawaida ni ya kughushi, na kila taarifa ya kurudisha barua ingemwangukia mtu asiye na hatia.

Sasa nieleze siku iliyonifunza. Seva ilikuwa na RAM ya GB 2, nami niliona inatosha. Hifadhidata ya saini, yaani alama za kutambulisha virusi, peke yake hula zaidi ya GB 1 ikiwa imepakiwa na clamd, sehemu ya ClamAV inayofanya ukaguzi wenyewe, na masasisho yanapoingia, clamd kwa kawaida hupakia hifadhidata mpya huku ile ya zamani ikiendelea kutumika, kwa hiyo kwa dakika chache mahitaji hukaribia mara mbili. Usiku mmoja kerneli, kiini cha Linux, iliiua clamd kwa kukosa RAM. Asubuhi simu zikaanza: hakuna barua yoyote kutoka nje iliyoingia tangu usiku. Niliposoma logi niliona kwamba kila mtumaji alikuwa anajibiwa ajaribu tena baadaye. Hakuna barua iliyopotea, kwa sababu seva za watumaji huzihifadhi kwenye foleni na kurudia, na baada ya kuiwasha clamd zote ziliingia kidogo kidogo hadi mchana.

Watu wa ofisini walitaka niruhusu barua zipite bila kukaguliwa iwapo hali hiyo itajirudia. Nilikataa na ningali nakataa, kwa kuwa barua iliyochelewa kwa saa kadhaa huwa imefika tu, ilhali kiambatisho kimoja kibaya kikifunguliwa kinaweza kufunga mafaili ya ofisi nzima. Nilichofanya ni kuongeza RAM hadi GB 4, kuzima ConcurrentDatabaseReload, yaani ule upakiaji wa hifadhidata mpya huku ya zamani ikitumika, na kuweka ulinzi wa kuiwasha clamd upya yenyewe ikifa.

Kuhusu uwezo wa kukamata, nitasema bila kupamba: virusi vinavyojulikana inavikamata vizuri, lakini kiambatisho kilichotungwa jana kinaweza kupita, na faili la zip lenye nywila haiwezi kulifungua. Nilijaribu mpangilio wa AlertOLE2Macros, unaotilia shaka kila faili la Office lenye makro (programu ndogo ndani ya faili), nikauzima ndani ya wiki moja kwa sababu majedwali halali ya wahasibu yalikuwa yanakataliwa. Barua za ulaghai zenye kiungo tu nimeziachia Rspamd, programu ya kuchuja barua taka, ambayo kazi hiyo inaiweza zaidi.

Kwa wenye intaneti ya kulipia kwa kiasi cha data kama sisi, freshclam, sehemu ya ClamAV inayopakua masasisho ya saini, ni ya kiungwana: baada ya upakuaji mkubwa wa mwanzo, huleta mabadiliko tu. Ila usiiagize iulize masasisho kila dakika chache, kwa maana anayezidisha huzuiwa kwa muda na seva za mradi. Ukiwa na mashine kadhaa, moja ipakue na nyingine zichukue kwake.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi hujitumia kutoka anwani ya nje faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 na lisilo na madhara yoyote, ambalo programu za kinga hulichukulia kama virusi kwa makusudi ya kujaribiwa. Hadi jaribio la mwezi huu, limekataliwa mlangoni kila mara.