Lambrekini za Windsor: Tathmini ya Ziara ya Kanisa la Mtakatifu George

Mtu anayetaka kuiona lambrekini ikiwa juu ya kofia ya chuma, na si katika mchoro wa kitabuni tu, nitamwelekeza bila kusita katika Kanisa la Mtakatifu George, ndani ya kasri la Windsor nchini Uingereza. Wengi tunaifahamu lambrekini ya dirishani, yaani kile kitambaa chenye marinda kinachoficha fimbo ya pazia. Ya Windsor ni ya kivita: ni kitambaa kinachoteremka kutoka kwenye kofia ya shujaa hadi mabegani, ambacho kwa mujibu wa mapokeo kilikinga chuma kisichomwe na jua.

Ujenzi wa kanisa hili ulianza mwaka 1475 na kukamilika 1528, nalo ndilo makao ya Nishani ya Garter, yaani daraja la juu la heshima la mashujaa wa Uingereza, iliyoanzishwa na Mfalme Edward III mwaka 1348. Juu ya viti vya kwaya, kila mwenye nishani aliye hai huwekewa upanga, bendera, na kofia yenye sanamu ya nembo yake juu yake pamoja na lambrekini yake. Tatizo ni kwamba vitu hivyo viko juu mno, kwa hiyo anayependa kuona mikunjo vizuri na abebe darubini ndogo.

Kwangu mimi, hazina kubwa zaidi ni mabamba ya shaba yenye nembo za wenye nishani, yaliyopigiliwa nyuma ya viti, kwa kuwa hayo hubaki hata baada ya mwenyewe kufariki. La zamani zaidi ni la Ralph Basset, aliyefariki mwaka 1390. Ukiyafuatilia kwa zamu ya miaka, utaona jinsi kitambaa kilichokuwa cha kawaida kilivyozidi kuchanwachanwa pembeni, hadi kikawa kama majani yanayojisokota pande zote mbili za ngao. Rangi ya ngao kwa kawaida huwa upande wa nje, na dhahabu au fedha upande wa ndani. Kwa sisi tuliokua na nembo za Tanzania na Kenya, zenye ngao na walinzi wake bila kofia wala kitambaa, sehemu hii ya sanaa ya nembo ni ngeni kabisa, na inastahili kutazamwa bila haraka.

Tiketi ya kasri hujumuisha kanisa. Kupiga picha ndani hakuruhusiwi, na siku ya Jumapili hufunguliwa kwa ibada tu, kwa hiyo panga ziara yako siku nyingine, tena asubuhi.