Ukuta wa Bahari au Mikoko: Kaunti ya Mombasa Ielekeze Wapi Fedha Zake?

Bahari inapozidi kupanda, Serikali ya Kaunti ya Mombasa ina njia mbili zinazotajwa mara nyingi: kujenga kuta za kuzuia mawimbi, au kurejesha mikoko katika hori za Tudor na Port Reitz.

Ukuta hulinda mara tu unapokamilika. Chini ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mawimbi yalikuwa yakila mwamba wenyewe, na hapo hapakuwa na nafasi ya kungoja mti ukue. Hata hivyo, ukuta ni ghali, na mara nyingi nguvu ya mawimbi huhamia ufuo wa jirani usiokingwa.

Mikoko hufanya kazi polepole. Mizizi yake, iliyojipinda juu ya tope kama miguu ya kaa, hupunguza kasi ya maji na kunasa mashapo, hata ardhi ikainuka kidogo kidogo. Kati ya aina za mikoko, mlilana husimama mbele kabisa baharini, na mchu hustahimili chumvi nyingi upande wa nchi kavu. Samaki wadogo na kamba hukulia humo, faida ambayo saruji haiwezi kuwapa wavuvi wa Mikindani. Adui zake ni wakata kuni, maji taka na upandaji wa pupa, kwa maana mche uliopandwa mahali pasipoufaa hufa.

Kwa maoni yangu, ukuta uachiwe sehemu zisizoweza kuhamishwa, kama vile ngome hiyo, na fedha nyingi ziende kwenye mikoko, mradi vikundi vya wenyeji vilipwe kwa kuitunza miche hadi ikomae, si kwa kuipanda tu.