Kitabu cha milango ya fahamu: kitabu cha kugusa kisichotaka kuguswa

Kile kitabu cha picha cha milango mitano ya fahamu wanachouziwa walimu wa chekechea hapa Mwanza, msikinunue. Nakitumia darasani tangu muhula ulipoanza, na kilichonichefua ni ukurasa mmoja: wa ngozi.

Una vipande vinne: msasa, taulo, sponji na manyoya ya bandia. Vyote vimebandikwa kwa gundi nyeupe juu ya karatasi yenye nailoni ya kung'aa. Gundi ya maji haishiki nailoni, inataka karatasi inayonyonya. Halafu kingo ziko wazi. Mtoto anaanza kukwangua hapo pembeni, wiki haijaisha sponji iko mdomoni. Mdomoni! Kitu chochote kinachopenya kwenye kile kibomba cha katikati ya tishu ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3, na hiki kinapenya bila shida. Anayeijua kazi hukata dirisha kwenye karatasi ya juu, kitambaa akakiweka nyuma, kingo zikabanwa kati ya karatasi mbili. Ni karatasi moja tu ya ziada.

Nilikirudisha dukani. Muuzaji hata kukifungua hakukifungua: "Mwalimu, hao watoto wako hawajafundishwa kushika vitabu." Kitabu cha kugusa, mtoto asiguse!

Mchoraji simlaumu. Ukurasa wa sikio ni mtamu: ngoma, jogoo, injini ya mtumbwi, mvua juu ya bati, darasa zima linaziiga sauti bila kuambiwa. Wa pua wameweka waridi na stroberi. Mtoto wa Kirumba anayepita soko la samaki la Mwaloni kila siku, waridi atalijulia wapi? Mimi natumia vikopo vilivyotobolewa vifuniko: kimoja dagaa, kingine karafuu, kingine kitunguu. Na ulimi, jamani, bado wanachora utamu mbele na uchungu nyuma, wakati kila sehemu yenye vionjeo huonja ladha zote. Dondosha ndimu kwenye ncha ya ulimi uone kama uso hautakunjamana.

Kwa aliyekwisha kununua: bandua vipande vyote. Kwangua nailoni kwa msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi. Paka gundi ya viatu kwenye karatasi na nyuma ya kipande, subiri kama dakika 10 hadi isinate kidoleni, ndipo ukandamize. Juu yake weka fremu ya karatasi ya manila inayofunika kingo, ishone kwa uzi kuzunguka dirisha. Kiache wazi usiku kucha harufu iishe, watoto wasiwepo.

Kikishatengenezwa hivyo, kusema kweli, sijaona kinachokizidi hapa mjini. Basi kinunueni... Hapana. Nikimkumbuka yule muuzaji, hapana! Labda mkikikuta kwa machinga. Na kabla ya kutoa hela, pitisha ukucha pembeni mwa sponji. Ikinyanyuka, mrudishie hapo hapo.